Filamu ikishaskaniwa, kwa nini isitupwe?

SWALI: Ninasomea utunzaji wa nyaraka. Tumefundishwa kwamba hifadhi za Ulaya huskani sinema za kale na filamu za habari za vita vya 1914–18 kwa ubora wa juu, kisha mikanda yenyewe hurudishwa kwenye vyumba vya baridi kali. Umeme wote huo wa nini, na picha zimeshaingia kwenye kompyuta? Halafu mikanda ya naitreti si ni hatari?

JIBU: Hatari ipo, ndugu yangu. Naitreti ndiyo plastiki iliyobeba karibu sinema zote za milimita 35 (huo ni upana wa mkanda) hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ikishika moto huizimi, maana inajitengenezea oksijeni. Itumbukize majini, itaendelea kuwaka. Mkanda uliooza ukifungiwa kwenye kopo mahali pa joto unaweza hata kuwaka wenyewe. Dawa yake ni baridi na ukavu, kwa sababu gesi za asidi zinazotoka kwenye mkanda ndizo zinazouozesha zaidi. Ghala la BFI, yaani Taasisi ya Filamu ya Uingereza, kule Gaydon, lilijengwa kwa ajili hiyo: nyuzi 5 chini ya sifuri, unyevu asilimia 35.

Sasa kuhusu kutupa. Jambo hilo limeshajaribiwa, na hasara yake tunaiona hadi leo. Filamu ya Metropolis ya Fritz Lang ilioneshwa Berlin mwaka 1927, kisha ikakatwakatwa. Mwaka 2008 nakala karibu kamili ikapatikana kwenye jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires. Lakini ilikuwa ya milimita 16, iliyonakiliwa kutoka mkanda wa naitreti ambao baadaye uliteketezwa kwa kuogopa moto. Mikwaruzo yote ya mkanda ule ilipigwa picha pamoja na sinema, na ukingo mmoja wa picha ukakatwa. Toleo lililorekebishwa lilioneshwa mwaka 2010, na vipande hivyo unavitambua papo hapo kwa michirizi yake. Hakuna programu itakayorudisha ukingo ambao haukunakiliwa.

Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Asetati, plastiki iliyochukua nafasi ya naitreti, iliitwa filamu salama, na hifadhi nyingi zilihamishia humo naitreti zao, kisha zikaziteketeza. Baadaye asetati nayo ikaanza kunuka siki, kusinyaa na kujikunja, ilhali naitreti kadhaa za umri mkubwa zaidi bado ni nzima. Mimi nikisikia mtu anasema safari hii nakala ni ya kudumu, huwa namuuliza ataihifadhi kwenye nini. Hifadhi nyingi hutumia LTO, tepu za kuhifadhia data za kompyuta zinazotoka kwa vizazi: mashine ya kizazi cha nane, LTO-8, haisomi tepu ya LTO-6. Faili lazima lihamishwe kila baada ya miaka michache, na bajeti ikikatika mara moja tu, mkanda ule ule wa baridi ndio utakaokuokoa.

Filamu za vita zina uzito wa ziada kwa sababu ni ushahidi. Chukua The Battle of the Somme ya 1916, inayotunzwa na Imperial War Museum ya London: sehemu kubwa ni halisi, lakini wanahistoria wanakubaliana kwamba tukio maarufu la askari kutoka handakini na kuanguka liliigizwa. Kuchunguza madai ya aina hiyo kunahitaji kuona viungo vya gundi, alama za kiwanda pembeni mwa mkanda na picha nzima hadi ukingoni. Skani iliyosafishwa kwa ajili ya televisheni huwa imeshafuta nusu ya hayo. Hata mwendo umeshaamuliwa: kamera zile zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi karibu fremu (picha moja moja) 16 kwa sekunde, na nakala nyingi za zamani zilirudiarudia fremu ili zifike 24, mwendo wa sinema za sauti.

Kuna wakati wa kuteketeza, ndiyo. Mkanda ukishakuwa unga wa kahawia, au tonge gumu lisilokunjuka, hauna picha tena. Huondolewa na watu waliofunzwa kazi hiyo. Kabla ya hapo hukatwa sehemu iliyooza tu, na mita zilizobaki zinarudi barafuni.