Walichaguliwa kwa nasibu, au walipangiwa kwa nasibu?

SWALI: Katika ripoti ya jaribio la ratiba mpya ya mapumziko kazini niliandika: "Wafanyakazi 60 walichaguliwa kwa nasibu na kugawanywa katika makundi mawili." Msimamizi wangu anasema sentensi haijitoshelezi. Ina kasoro gani?

JIBU: Kisarufi ni safi. Kasoro ni kwamba "kwa nasibu" imeshikamana na "walichaguliwa", na "kugawanywa" kumeachwa bila maelezo. Kitenzi cha ku- kinachofuata "na" huazima nafsi na wakati wa kitenzi kilichotangulia, kielezi hakiazimi. Msomaji hajui makundi yalipatikanaje, na katika jaribio hilo ndilo analolitafuta kwanza.

Kuchagua kwa nasibu hukupa sampuli unayoweza kuitumia kulisemea shirika zima. Kuwapanga watu hao katika makundi kwa nasibu ni hatua nyingine, na ndiyo inayokuruhusu kuandika "ilisababisha". Bila hiyo, andika "inahusiana na". "Walichaguliwa" tupu huficha mengi: katika majaribio ya kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, Marekani, mwaka 1927, wafanyakazi wawili waliteuliwa, kisha wao wenyewe wakawachagua wenzao wanne.

Majaribio mengi ya kazini hutegemea watu waliojitolea. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwako, sema hivyo: "Wafanyakazi 60 waliojitolea walipangiwa makundi kwa nasibu: 30 kundi la jaribio, 30 kundi linganishi (lililobaki na ratiba ya zamani)." Nashauri "walipangiwa", kwa kuwa huonyesha wazi kwamba uamuzi haukuwa wao. "Waligawanyika", ninayoiona mara kwa mara katika tasnifu, ni ya kuepukwa: haisemi nani aliyewagawa, na msomaji anaweza kuelewa kwamba walijitenga wenyewe, jambo ambalo lingeharibu jaribio.

Kisha eleza namna: kila mtu alipewa namba, kompyuta ikachanganya namba 1 hadi 60, 30 za mwanzo zikaingia kundi la jaribio. Kuweka zamu ya asubuhi upande huu na ya usiku upande ule si nasibu hata kidogo. Wa usiku huenda walikuwa wamechoka zaidi tangu mwanzo.

Angalia pia kiima. Wanaokaa ofisi moja huambiana, kwa hiyo mara nyingi hupangwa idara nzima nzima. Hapo andika "idara 8 zilipangiwa", si "wafanyakazi walipangiwa", na uchanganuzi nao uzingatie kwamba kilichopangwa ni idara. Ukihesabu watu 60 kana kwamba kila mmoja alipangiwa peke yake, tofauti ndogo ya bahati tu inaweza kuonekana kuwa matokeo thabiti.