Kupima ufanisi wa mafunzo ya usalama baharini

Swali: Mimi ni afisa usalama katika meli ya kuchimba gesi. Wafanyakazi wetu wote wana vyeti, na fomu wanazojaza mwishoni mwa kozi huwasifu wakufunzi. Nitathibitishaje kwamba mafunzo hayo yanafaa?

Jibu: Fomu hizo ziweke kando kwanza, kwani zinaeleza jinsi mkufunzi alivyopendwa, si jinsi mtu atakavyotenda moshi ukijaa koridoni usiku. Cheti nacho kinathibitisha alichoweza mhusika siku ile katika bwawa la mazoezi tu. Na kwa kuwa cheti cha msingi cha OPITO, shirika linaloweka viwango vya mafunzo ya usalama katika sekta ya mafuta na gesi, hudumu miaka 4, ustadi unaweza kufifia muda mrefu kabla ya kukihuisha.

Kipimo ninachokiamini ni zoezi la dharura lisilotangazwa, miezi kadhaa baada ya kozi. Kwa idhini ya nahodha, piga king'ora usiku, funga njia moja ya kutokea, kisha andika dakika zilizopita hadi kila jina lilipohakikiwa, nani alikwenda kituo kisicho chake, na nani alivaa jaketi la kuokolea bila kufunga mkanda wa mapajani. Safari za helikopta zitumie vilevile. Helikopta ikitua majini hupinduka upesi kwa sababu injini na giaboksi ziko juu, kwa hiyo abiria hufundishwa kutambua dirisha lake na mahali pa kushika kabla ya hapo. Tazama ni wangapi wanaofanya hivyo bila kukumbushwa.

Usiwapime vibarua na mafundi peke yao. Jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha lilipolipuka Bahari ya Kaskazini tarehe 6 Julai 1988, watu 167 walikufa, na wengi wao waliuawa na moshi katika jengo la malazi walikokusanyika kusubiri amri ambayo haikuja. Uchunguzi wa Jaji Cullen, uliochapishwa mwaka 1990, ulibaini kwamba mazoezi hayakufanyika mara kwa mara kama ilivyotakiwa na kwamba maelekezo kwa wageni yalikuwa hafifu. Kwa sababu hiyo mpe msimamizi tukio ambalo mpango ulioandikwa haulitoshelezi, mathalani mashua za kuokolea zisizofikika, uone anaamua nini na kwa muda gani.

Zoezi likienda vibaya, chunguza kabla ya kumrudisha mtu darasani: huenda king'ora hakisikiki karibu na pampu, na kasoro hiyo hairekebishwi kwa kozi.