Pumzika gofu wiki mbili, lakini fimbo usiifungie

Ndugu, umeuliza kama kuacha gofu kwa muda kutaondoa huo mpira unaopinda kulia kila ukipiga. Kupumzika peke yake hakutibu; kunaupa tu mwili nafasi ya kusahau pupa. Usicheze uwanjani kwa siku 14, ila kila jioni shika fimbo dakika 5. Kwa mtu wa mkono wa kulia, ukitazama chini uone vifundo 2 au 3 vya vidole vya mkono wa kushoto. Ukiona kimoja tu, uso wa fimbo hubaki wazi, yaani huelekea kulia unapogonga, na mpira hukimbilia kulia.

Ukirudi, usiikimbilie fimbo kubwa, ile ndefu ya kupigia mbali, tafadhali. Wengi huharibu hapo. Anza na mipira 30 kwa chuma namba 9 (fimbo fupi yenye kichwa cha chuma), nusu ya nguvu.