Bon Iver: For Emma au ile ya 2011?

Mkuu, umeuliza kati ya albamu mbili za Bon Iver, bendi ya Marekani ya Justin Vernon, yaani For Emma, Forever Ago na ile ya 2011 iliyobeba jina la bendi yenyewe, ipi kali zaidi. Mimi bila kusita ni For Emma.

Sehemu kubwa Justin Vernon aliirekodi peke yake, kwenye kibanda cha uwindaji cha baba yake huko Wisconsin, Marekani, majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007. Upweke ule unausikia kabisa. Vaa hedifoni usikilize The Wolves: inaanza taratibu, gitaa na sauti, halafu anairundika sauti yake mwenyewe tabaka juu ya tabaka, mpaka mwishoni vishindo vinavuruga kila kitu. Mtu mmoja anageuka kwaya nzima! Hapo huwa naishiwa maneno.

Ile ya 2011 ni kazi ya watu wengi. Kuna saksafoni ya Colin Stetson, kuna ngoma za wimbo wa Perth zinazopiga kama gwaride, na Grammy ya 2012 ya albamu bora ya muziki mbadala iliistahili. Tena Holocene ndiyo wimbo wao ninaoupenda kuliko zote. Ila tunapima albamu, si wimbo mmoja, na wimbo wa Beth/Rest na vinanda vyake vya miaka ya 80 unanitoa kabisa kwenye ile hali.

Kwa hiyo anza na For Emma, usiku kukiwa kimya, kutoka Flume mpaka re: Stacks bila kuruka hata wimbo mmoja.