Maswali yenu: Sekondari za Marekani enzi za Kilatini na Shakespeare

Mwezi uliopita niligusia masomo ya lugha na fasihi katika sekondari za Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Barua zimekuja nyingi. Nimechagua sita.

*Shikamoo mwalimu. Sekondari tulisoma Mabepari wa Venisi. Je, wanafunzi wa Marekani wa enzi hizo nao walikisoma? Na nani aliwachagulia vitabu? (Tanga)*

Marahaba mwanangu. Walikisoma, tena kwa miongo mingi. Tamthilia mbili za Shakespeare alizozitafsiri Mwalimu Nyerere, hiyo na ile ya Julius Kaizari, zote zilikuwamo kati ya vitabu sita ambavyo Chuo Kikuu cha Harvard kiliwatangazia watahiniwa wa 1874. Mtahini angetoa mada kutoka kimojawapo, na mtahiniwa angeandika insha. Vyuo vingine vikafuata, kila kimoja na orodha yake, hata mwalimu wa sekondari akajikuta anaandaa darasa moja kwa mitihani isiyofanana. Ndipo 1894 wawakilishi wa vyuo na shule wakakaa kutafuta orodha ya pamoja.

Orodha ya 1903 hadi 1905 iligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la kuchambuliwa mstari kwa mstari: Macbeth, mashairi ya Milton, insha za Macaulay, na hotuba ya Edmund Burke ya 1775 akilisihi Bunge la Uingereza lipatane na makoloni yake ya Amerika. Fungu la pili lilikuwa la kusoma tu, na humo ndimo walimokuwamo Shylock, yule mkopeshaji wa Mabepari wa Venisi, na Kaizari, pamoja na riwaya za Ivanhoe na Silas Marner.

Mfikirie mtoto wa mkulima wa Iowa, miaka 16, amerudi kutoka kukamua ng'ombe, anakaa kwenye taa kuichambua hotuba ya Burke hoja kwa hoja. Hotuba ni nzuri, siibezi. Kinachoniuma ni kwamba mwalimu anayemjua mtoto huyo hakuulizwa neno. Na wengi wa wanafunzi hao hawakuwa na safari ya chuo kikuu. Walisomeshwa kwa mtihani ambao hawangeufanya. Walimu walichoka. Mwaka 1911 walikutana Chicago wakaunda Baraza la Taifa la Walimu wa Kiingereza, na manung'uniko juu ya orodha hiyo yalikuwa sababu kubwa. Nawaunga mkono mpaka leo. Wenzangu mnaofundisha vitabu teule, au setibuku kama wasemavyo Kenya, mnajua kitabu kinavyogeuka kikishasomwa kwa ajili ya maswali peke yake.

*Waandishi wa Kimarekani wenyewe hawakusomwa? (Kisumu)*

Kwa uchache. Katika orodha niliyoitaja hapo juu yumo mmoja tu, mshairi James Russell Lowell. Baadaye orodha ilipopanuliwa ili mwalimu apate nafasi ya kuchagua, waliingia Hawthorne, Irving na Poe.

*Sarufi ilifundishwaje? Walichora matawi kama sisi? (Dodoma)*

Walichora, ila matawi yao yalilala. Mbinu hiyo ilienezwa na Alonzo Reed na Brainerd Kellogg kwa kitabu chao cha 1877, na ilitawala ubao kwa vizazi. Chukua sentensi yetu: "Mtoto mdogo alinunua mkate." Unachora mstari mmoja wa kulala. Juu yake unaandika "mtoto", kisha unakata mstari wima unaopenya mpaka chini: huo ndio mpaka wa kiima na kiarifu. Unaandika "alinunua", halafu mstari mwingine wima, ila huu unaishia juu ya ule wa kulala, haupenyi; baada yake "mkate", yaani yambwa. "Mdogo" ananing'inia chini ya "mtoto" kwa mstari wa mshazari. Mwanafunzi aliitwa mbele, chaki mkononi, darasa zima likimtazama. Mimi naipenda mbinu hii, maana jicho linaona mara moja neno gani linamtumikia nani.

*Kwa nini wahangaike na Kilatini, lugha isiyo na mwenyewe? (Bujumbura)*

Mwaka 1900 sekondari za umma za Marekani zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 500,000, wasichana wengi kuliko wavulana, na karibu nusu yao walisoma Kilatini. Vyuo vilikidai, hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni imani ya wakati ule kwamba lugha ngumu huifanyia akili kile ambacho kazi ya shamba huufanyia mkono.

Safari ilikuwa ileile karibu kila shule: mwaka wa kwanza sarufi, wa pili vita vya Kaizari huko Gaulo, yaani Ufaransa ya kale, wa tatu hotuba za Cicero, mwanasiasa wa Roma, wa nne mashairi ya Virgil. Msemaji wa Kiswahili angekiona Kilatini kama lugha iliyogeuzwa kichwa chini. Sisi tunabadili mwanzo wa neno, wao mkia: "puella" ni msichana anayetenda, "puellam" ni msichana anayetendwa, "puellae" ni wa msichana. Ukikosea mkia umebadilisha nani kampiga nani. Kufikia 1922, waliokisoma walikuwa wameshuka hadi kama 27 katika kila 100.

*Nimesikia Kijerumani kilipigwa marufuku. Ni kweli? (Mombasa)*

Ni kweli kwa majimbo kadhaa. Mwaka 1915 karibu robo ya wanafunzi wa sekondari za umma walisoma Kijerumani. Aprili 1917 Marekani ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani, na 1922 hakikufikia hata mwanafunzi mmoja katika 100. Nebraska, kwa sheria ya 1919, ilikataza lugha za kigeni kwa watoto ambao hawajamaliza darasa la nane. Mwalimu Robert Meyer alitozwa faini ya dola 25 kwa kumsomesha mtoto wa miaka 10 kwa Kijerumani, kitabu chenyewe kikiwa cha hadithi za Biblia. Alikata rufaa, na Juni 1923 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki. Kijerumani hakikurudi mahali pake. Nafasi ilichukuliwa na Kifaransa na Kihispania.

*Watoto Weusi walipata masomo haya, au waliishia useremala? (Dar es Salaam)*

Hili ndilo lililonifanya nianze kusoma habari hizi. Washington DC ilikuwa na sekondari ya umma ya Weusi, iliyoanza 1870 na kujulikana kwa jina la mtaa wake, M Street. Mwaka 1902 mkuu wake alikuwa Anna Julia Cooper, aliyezaliwa utumwani North Carolina mwaka 1858. Wanafunzi wake walisoma Kilatini na fasihi, na baadhi walipokelewa vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Brown.

Ulikuwa wakati wa mvutano mkali. Viongozi wawili Weusi walipingana: Booker T. Washington, mkuu wa shule ya ufundi ya Tuskegee, Alabama, alitanguliza kazi za mikono, naye msomi W.E.B. Du Bois alidai elimu ya juu, akaja kuhutubia M Street. Wakubwa wa elimu wa jiji walitaka shule ya Cooper ipunguziwe masomo. Alikataa. Mwaka 1906 hakupewa tena kazi yake.

Mvutano huo ulitufikia na sisi. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka Marekani, chini ya Thomas Jesse Jones, ilipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikasifia elimu ya mtindo wa Tuskegee kwa Mwafrika. Mwaka uliofuata ikafunguliwa shule ya Jeanes, ya kufunza walimu kwa mtindo huo, huko Kabete, Kenya.

Na Mama Cooper? Alirudi M Street mwaka 1910, safari hii mwalimu wa kawaida, akafundisha Kilatini. Akiwa na miaka 66 alipata udaktari wake Chuo Kikuu cha Sorbonne, Paris, kwa utafiti juu ya Ufaransa na utumwa. Kisha akarudi darasani, akaendelea kufundisha mpaka 1930.