Kukaa katika duka la sarafu bila kununua

Ndugu mkusanyaji, umeuliza kama ni utovu wa adabu kukaa muda mrefu katika duka la sarafu, ukitazama na kuzungumza, kisha ukaondoka bila kununua. Si utovu wa adabu, mradi umwachie mwenye duka nafasi ya kuwahudumia wanunuzi wengine. Nenda saa ambazo duka limetulia, mweleze mapema kwamba unajifunza, na mara moja moja nunua hata kitu kidogo, kama vile vifuko vya kuhifadhia, kwa kuwa maarifa anayokupa yamemgharimu miaka.

Omba ruhusa kabla ya kugusa. Sarafu ishike kwa ukingo wake, juu ya kitambaa laini, na usizungumze ukiwa umeiinamia, kwa sababu matone ya mate huweza kuacha madoa yasiyotoka. Mwombe akuonyeshe, kwa lenzi inayokuza mara 5 hadi 10, tofauti kati ya sarafu iliyosuguliwa ili ing'ae na ile iliyobaki na hali yake ya asili. Somo hilo, kwa maoni yangu, halipatikani vizuri kwenye picha. Mizani nayo hufundisha mengi: dola ya Marekani ya madini ya fedha, ya aina iitwayo Morgan, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1878, ina uzito wa gramu 26.73, na inayopungua sana hapo ni ya kutiliwa shaka.

Jihadhari, hata hivyo, mazoea yasikufanye ununue sarafu ya bei kubwa kwa kuona haya. Kabla ya kulipa, omba ikaguliwe na mthamini asiye na maslahi katika mauzo hayo.