Mchango wa mwisho na jumla yake: maswali yenu ya SQL

Nina jedwali la michango ya kikundi. Nataka kila mwanachama atokee mara moja, na jumla yake pamoja na kiasi alichochanga mwisho. Nimetumia SUM(kiasi), MAX(tarehe) na kiasi, kisha GROUP BY mwanachama_id. Mbona kiasi cha mwisho kinakosewa?

MAX(tarehe) inaleta tarehe tu, haiji na mstari wake. Tuseme mwanachama namba 7 alichanga 20,000 Januari, 20,000 Februari na 5,000 Machi. GROUP BY ikishaikunja mistari mitatu iwe mmoja, "kiasi" ni kipi? Programu ya hifadhidata ya PostgreSQL inagoma hapo hapo. MySQL za zamani zilikuokotea chochote, pengine 20,000, kimya kimya. Mimi naipenda inayogoma. Andika hivi:

```
SELECT mwanachama_id, tarehe, kiasi, jumla
FROM (
  SELECT m.*,
    SUM(kiasi) OVER (PARTITION BY mwanachama_id) AS jumla,
    ROW_NUMBER() OVER (PARTITION BY mwanachama_id
      ORDER BY tarehe DESC, id DESC) AS namba
  FROM michango m
) x
WHERE namba = 1;
```

OVER hufanya hesabu bila kukunja mistari, na ROW_NUMBER huipa namba mistari ya kila mwanachama, wa karibuni ukiwa 1. Utapata 5,000 na 45,000. Hiyo id ni ya kuamua pale mtu anapochanga mara mbili siku moja. Sharti la namba = 1 likae nje, kwa sababu OVER hukokotolewa baada ya WHERE. Tena usiiweke ORDER BY hiyohiyo ndani ya ile SUM: itageuka jumla inayoongezeka mstari kwa mstari, na mstari wa kwanza utasoma 5,000 badala ya 45,000. Wengi hunaswa hapo.

Seva yetu ina MySQL 5.7, haiijui OVER.

Ilikuja na toleo la 8.0, mwaka 2018, na 5.7 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2023, kwa hiyo hameni. Kwa sasa, pata SUM na MAX(tarehe) kwa kila mwanachama kwenye hoja ndogo (subquery), kisha uiunganishe na michango kwa mwanachama na tarehe. Mwenye michango miwili tarehe ileile atatokea mara mbili. Usikimbilie MAX(id) kama mweka hazina wenu huingiza risiti za zamani kwa kuchelewa: id hapo haifuati tarehe.

Nimeunganisha michango na mikopo, jumla zimevimba.

Michango mitatu ikikutana na mikopo miwili ya mtu yuleyule, inazaa mistari sita, na 45,000 inakuwa 90,000. Kunja kila jedwali peke yake hadi libaki mstari mmoja kwa mwanachama, ndipo uunganishe. SUM(DISTINCT kiasi) si dawa: zile 20,000 mbili itazihesabu kama moja, upate 25,000. Hilo ni baya zaidi, maana namba ndogo haishtui mtu.

Ambao hawajachanga kabisa hawaonekani.

Anza na jedwali la wanachama, LEFT JOIN hoja ya juu (hubakiza hata wasio na mchango), na COALESCE(jumla, 0) ili pengo lisome 0. Ukilihamisha sharti la namba = 1 hadi WHERE ya nje kabisa, watapotea tena; liweke kwenye ON, yaani sharti la kuunganisha.

Inachukua muda mrefu mno.

Tengeneza faharasa (index) ya (mwanachama_id, tarehe, id), halafu endesha EXPLAIN, inayoonyesha jinsi hoja inavyotekelezwa, uone kama inatumika.